Kabla hujakifyeka kisa cha Herakles

Wewe unayeanza kusimulia visasili vya Wagiriki, chukua kosa langu la kwanza ulitumie bure. Nilipewa watoto wa darasa la nne, nikawachagulia Herakles, yule shujaa mwenye nguvu za ajabu. Pale anapotiwa wazimu na Hera, mungu wa kike, akawaua wanawe, nikaona hapawafai, nikaparuka. Mambo yakaenda vizuri: simba wa Nemea, zizi la Augeas lililosafishwa kwa kuchepusha mto (watoto wanapenda mavi kuliko simba, zoea tu), halafu mfalme Eurystheus, aliyemtumikisha, akitumbukia mtungini kujificha alipoletewa nguruwe mwitu akiwa hai. Darasa likaangua kicheko. Kicheko kilipotulia, mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kwani alikosa nini hata akatumikishwa hivyo?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeng'oa nguzo nikidhani ni pambo. Katika masimulizi ya Apollodorus, mkusanyaji wa kale wa visasili, kazi zile 12 alizotumikishwa ni malipo ya damu ya wale watoto. Siku hizi nasema hivi: "Hera alimvuruga akili, akawadhuru aliowapenda kuliko wote. Alipozindukana, akaenda Delphi, kwenye hekalu la uaguzi, kuuliza afanye nini." Basi. Siongezi neno, na wala hawaniulizi zaidi.

Kwa watu wazima, cheza na mpangilio. Euripides, mtunzi wa tamthilia wa Athens, aliyaweka mauaji baada ya kazi: Herakles anatoka kuzimu, anaiokoa familia yake mikononi mwa mdhalimu, kisha anaiua mwenyewe. Hapo hakuna adhabu inayolipwa; miungu ndiyo inayoshtakiwa. Filamu ya Disney ya 1997 ikamfanya Hera mama mzazi mwenye upendo, uadui wote akatwikwa Hades, mungu wa kuzimu. Wasomi huikebehi. Mimi naiheshimu kwa jambo moja: waling'oa nguzo, lakini wakasimamisha nyingine.

Usihangaike pia kutafuta kisa "halisi". Mwandishi Plutarch aliona zamani kwamba Minos, mfalme wa Krete, alitukanwa sana katika tamthilia za Athens, mji wa shujaa Theseus, adui yake, ilhali washairi Homer na Hesiod walikuwa wamemsifu. Jiulize kwanza nani alikuwa amekaa pale akisikiliza.

Ukisimulia pwani, huenda mzee akakuuliza kama huyu ndiye Herekali wa Utendi wa Tambuka. Siye, yule ni Heraclius, kaisari wa Rumi. Ila jina lake limetokana na la Herakles, kwa hiyo usimkatize mzee. Mwache aghani beti mbili tatu, nawe uanzie hapo.