Binti anapanda Kilimanjaro: niulize nini shuleni?

SWALI: Shikamoo mzee. Binti yangu wa kidato cha tatu anakwenda na wenzake kupanda Kilimanjaro, njia ya Marangu, siku tano. Shule inasema waongozaji wana leseni. Niulize nini zaidi?
Mama wa Kihonda, Morogoro

JIBU: Marahaba mama. Leseni ni jambo jema, lakini uliza hivi: binti akizidiwa usiku wa manane, nani mwenye kauli ya kumshusha? Wakikujibu kwamba mwalimu na mwongozaji watashauriana, usisaini fomu. Kauli iwe ya mwongozaji peke yake.

Nakumbuka kijana mmoja niliyemwongoza. Tulikuwa kambi ya Kibo, mita 4,720, tunajiandaa kwenda kileleni. Nikamwona kakaa kitandani anahangaika na glovu: ya kushoto anaivalisha mkono wa kulia, anaivua, anairudisha palepale. Mwalimu wake akasema amechoka tu, na wazazi wamelipa afike Uhuru. Nikamtaka atembee mstari mmoja, kisigino kiguse vidole vya mguu wa nyuma. Hatua ya tatu akapepesuka kama mlevi. Hiyo ni dalili ya ubongo kuvimba, na dawa yake ya kwanza ni kushuka. Hakuna kungoja kupambazuke. Tulimshusha usiku uleule. Tulipokaribia Horombo, kambi ya chini yake, akaomba uji, nami nikashusha pumzi. Kumbe kichwa kilimuuma tangu jana yake, akawa anameza Panadol kimyakimya asije akaitwa mdebwedo.

Kwa hiyo kaa na binti kabla hajaondoka. Mwambie huko juu hata wapagazi huumwa, si aibu. Kichwa kikimuuma aseme, kabla hajameza chochote.

Siku tano mimi naziona chache. Ombeni iongezwe ya sita, walale Horombo usiku mara mbili, kwenye mita 3,720. Mchana wapande taratibu hadi miamba ya Zebra Rocks, warudi kulala chini, mwili uzoee. Gharama ipo, najua. Bora wapunguze fulana zenye nembo ya safari.

Halafu wahesabu waongozaji wasaidizi. Mgonjwa hashuki peke yake, na wanaobaki hawaachwi bila mtu. Wanafunzi kumi na mwongozaji mmoja na msaidizi mmoja? Mimi mwanangu asingekwenda.