Kituo cha anga kinapopita kati ya Magharibi na Isha

Mara ya kwanza nilipokwenda kukitazama Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, nilisimama kwenye mchanga wa Mambrui, kaskazini ya Malindi, nimeinua shingo mpaka ikauma. Programu ya simu ilisema kitapita utosini. Kilipita upande wa bara, nikakiona sekunde chache tu kabla hakijazama nyuma ya minazi. Kosa lilikuwa langu, kwani programu niliiacha kwenye Nairobi. Kituo kiko juu kiasi cha kilomita 400, na kutoka Nairobi hadi Malindi, kwa njia ya ndege, ni zaidi ya hapo. Kinachompitia utosini mtu wa Nairobi, sisi wa Pwani tunakiona hata nusu ya anga hakijafika.

Basi kabla ya kununua chochote, weka kwenye programu mahali ulipo hasa. Tazama na saa pia. Kurasa nyingine huandika saa za Greenwich, nawe uongeze tatu.

Usikitafute usiku wa manane. Kituo hakina taa ya kutuangaza, mng'ao wake ni wa jua. Lazima wewe uwe gizani nacho huko juu bado kiwe juani. Kwetu karibu na ikweta jua huzama wima na giza huwahi, kwa hiyo muda wetu mzuri ni kati ya Magharibi na Isha, au Alfajiri kabla hakujapambazuka. Vipito vizuri huja kwa siku chache zinazofuatana, kisha vinaadimika kwa wiki kadhaa. Mawingu yakikunyima leo, rudi kesho.

Mpwa wangu aliniuliza, "Mjomba, ile si ndege?" Nikamwambia asubiri aone kama inapepesa. Ndege hupepesa taa, nyekundu na nyeupe. Kituo ni nuru moja tulivu, mara nyingine kali kama Zuhura, na hakina sauti hata kidogo. Alipojua kuwa ndani mna watu, akakipungia mkono. Huko juu hakujakosa mtu tangu Novemba 2000.

Picha haihitaji kamera ya bei kubwa. Inahitaji kitu cha kuishikilia isitikisike. Stendi ya miguu mitatu ni bora, ila nimewahi kuegemeza simu kwenye ngalawa iliyopandishwa pwani na picha ikatoka safi. Kwa kamera, tumia lenzi pana, fungua tundu lake kadiri linavyoweza, ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) 400 hadi 800, shata, yaani mlango wa kuingizia mwanga, sekunde kumi. Kwenye simu, tafuta sehemu ya kupanga mambo kwa mkono. Zima fokasi ya kujiendesha na ulenge nyota kali mapema, maana kituo kikishatokea hakuna nafasi ya kurekebisha. Piga mfululizo bila kupumzika, kisha uziunganishe picha kwenye kompyuta. Zima pia ile huduma ya kamera ya kusafisha chembechembe za picha (noise reduction) baada ya kila picha. Huifanya kamera isite, na mstari wako utatoka umekatika vipande. Halafu futa lenzi! Chumvi ya bahari huiganda kabla hujajua.

Kutoka Mambrui, nikitazama upande wa Ngomeni, hunijia tarehe 12 Desemba 1970, siku ya Uhuru wa Kenya. Siku hiyo, kwenye jukwaa la San Marco lililosimama baharini, Waitaliano walirusha setilaiti ya Marekani iliyopewa jina la Uhuru, ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani. Kwetu hapa! Watoto wetu wengi hawajasimuliwa.

Lakini ninachokingojea zaidi kila ninapokwenda ni mwisho wa kipito. Jioni, mara nyingi kituo hakifiki upeo wa macho. Kikiwa bado juu, huanza kugeuka rangi ya machungwa, kinafifia, na kwa sekunde chache kimetoweka katika anga tupu. Kimeingia kwenye kivuli cha dunia. Hapo wengi hushusha kamera mapema. Wewe endelea kupiga mpaka mwisho. Kwenye picha utauona mstari mweupe ukikonda, ncha yake ikiwa nyekundu, kisha nyota peke yake.