Gari mbili: moja ya kutembelea, moja ya kuchinja?

SWALI: Shikamoo fundi. Nina Toyota Mark II GX100 ya mwaka 1997, ile ya silinda 6, nimekaa nayo miaka tisa na sina mpango wa kuiuza, shida ni kwamba kila mwezi inadai kitu, mwezi huu stata, mwezi ujao swichi ya kioo, na saa ingine spea yenyewe natafuta wiki mbili nzima. Sasa kuna jirani ana GX100 ya 1999, haitembei, iko juu ya mawe, anaiachia kwa bei ya kutupa. Nimepiga hesabu naona nikiichukua nikaipaki pembeni ya nyumba ntakuwa na stoo yangu mwenyewe. Mama watoto amenuna toka nimtajie. Unanishaurije?

JIBU: Marahaba mdau. Mama watoto tumuache kwanza, tuanze na hiyo miaka miwili kati ya gari yako na ya jirani maana hapo ndo watu wengi wanapigwa. Mwaka 1998 GX100 ziliguswa, taa za mbele zikabadilika, na injini kwa jina ni ileile 1G-FE ya cc 1988 lakini ya baadae ilikuja na VVT-i, yaani mtambo unaobadilisha muda wa valvu kufunguka, ikapanda kutoka nguvu za farasi 140 hadi 160. Kwa hiyo silinda hedi, waya za injini na kontroli boksi (kompyuta ya injini) za ile ya jirani usitegemee zikae kwenye yako, ni binamu hao sio mapacha. Milango, vioo, mitambo ya vioo, viti, hapo una nafasi nzuri zaidi, ila usiniamini mimi, nenda na namba za chesisi zote mbili kwa muuza spea akulinganishie namba ya kila kifaa unachokihitaji.

Haya, tuseme zinafanana kila kitu. Bado kuna jambo watu hawalifikirii mpaka hela ishatoka: gari mbili zilizozeeka pamoja zinaumwa ugonjwa mmoja. Kile kinachokufa kwenye yako ndo hichohicho kilichokufa au kinachokaribia kufa kwenye ile. Mi mwenyewe niliwahi kununua mkweche mzima kwa sababu ya pampu ya pawa stelingi tu, nikauvuta kwa kamba mpaka nyumbani kwa furaha zote, kufungua nakuta pampu imekufa na ndo sababu mwenyewe aliiegesha, na aliponiuzia nilisahau kuuliza swali la kwanza kabisa, hii gari ilisimama kwa nini? Muulize jirani. Akisema injini iligonga basi gia boksi na difu vinaweza kuwa vizima. Akisema eti "kitu kidogo tu, betri", mshukuru uondoke, gari ya betri huwa haikai juu ya mawe.

Gari ya spea inalipa kwenye vitu visivyochakaa kwa kutembea: boneti, bampa, taa, saidi mira, dashibodi, swichi, vishikio vya milango, na vile viplastiki vidogo ambavyo ukivitafuta kimoja kimoja unazunguka mpaka viatu vinaisha. Alteneta na stata pia sawa, ila zipime kabla ya kufunga. Vya mpira visahau, bushi, hosi, oil sili, mikanda, hivyo vinakauka hata gari ikiwa imelala. Tairi nazo hivyohivyo, angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni pale kwenye maandishi ya DOT, 2315 maana yake imetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2015, hata kama kashata, yale meno ya tairi, bado ziko juu usiifunge. Pedi za breki nunua mpya. Eabegi na mkanda wa usalama vya gari iliyogongwa usiviguse kabisa.

Na hiyo stoo ya pembeni ya nyumba, mdau, ndo imenichekesha. Gari iliyopaki nje haitunzi spea, inaziozesha. Panya wanakula waya, diski zinashika kutu, maji yakiingia kwenye silinda injini inakwama haizunguki tena. Ukinunua uichinje ndani ya wiki chache, piga picha kabla ya kufungua kila kitu, bolti za kila sehemu weka mfuko wake na uandike juu, la sivyo utabaki na ndoo ya bolti usizojua za wapi. Maji ya rejeta yenye kulinti (dawa ya kupoza injini) usiyamwage chini, ni matamu na mbwa akilamba anakufa. Bodi litakalobaki uza chuma chakavu, ila masega ya ekzosi, yale ya kusafisha moshi, yatoe kwanza, ndani yana platinamu na paladiamu, usikubali yapimwe kwa kilo pamoja na bati.

Kwa hali yako mimi nisingeinunua. Mwambie jirani akuuzie vipande, stata, mitambo ya vioo, labda milango miwili, na vitoshe kwenye stoo ya kawaida. Ukikutana na ya kabla ya mabadiliko ya 1998, ina kadi yenye jina la huyohuyo anayeuza na namba ya chesisi inasoma sawa, hapo tuongee upya, na mama watoto awepo.

SWALI: Fundi, mi tayari nina gari ya spea. Nimehamisha kontroli boksi, aina ileile kabisa, gari inapiga stata haiwaki. Nimekosea wapi?

JIBU: Funguo zako zina chipu? Kama zina, boksi jipya halizitambui, linadhani wewe mwizi. Hamisha boksi pamoja na chipu ya funguo ya gari ileile ilikotoka, au mtafute fundi umeme wa magari alisajili upya. Na lile la zamani usilitupe.