Re: Dar–Mbeya kwa pikipiki, mikono kufa ganzi na cheni kupiga kelele

Habari mkuu. Umesema ukifika Morogoro tu mikono imekufa ganzi, makalio yanawaka na cheni inagonga, na pikipiki ni ya cc 150.

Anza na cheni, ndiyo itakayokulaza njiani. Weka stendi kubwa, zungusha tairi la nyuma polepole huku ukiinua cheni kwa kidole, upande wa chini, katikati. Ikikaza sehemu moja na kulegea nyingine, imekwisha. Usihangaike kuikaza, badilisha pamoja na sproketi zote mbili (yale magurudumu yenye meno yanayoshika cheni). Ikiwa sawa kote, iache icheze kama sentimita 2.5 hadi 3, na alama za kushoto na kulia kwenye ekseli ya nyuma zilingane. Oili ipake jioni cheni ikiwa bado ya moto, ipenye usiku kucha. Ukipaka asubuhi unaondoka, yote inarukia rimu.

Ganzi: kagua nati zinazoshika injini kwenye fremu. Zikilegea, mtetemo wote unapanda kwenye usukani. Kisha inamisha wenzo wa klachi na wa breki mpaka kiwiko, kifundo cha mkono na vidole viwe mstari mmoja.

Siti usiongeze sponji laini, inabonyea na unaishia kukalia bati. Fundi makochi akuwekee ngumu. Na simama kwenye vikanyagio mara kwa mara, damu itembee.

Mbuga ya Mikumi pita mchana, kuna wanyama barabarani. Ukirudi, mlima Kitonga shuka kwa gia ndogo, usikalie breki.