Maswali na majibu: taa ya maji inapowaka

Kiangazi kimerudi, na maswali mengi ya safari hii yanahusu ile picha ya kipimajoto kilichosimama kwenye mawimbi, kwenye dashibodi ya gari. Si ajabu. Tangu 2018 sheria ya Uganda inakataza kuingiza gari lenye miaka 15 na zaidi, lakini yaliyoingia kabla ya hapo bado yanatubeba, na rejeta zake, zile zinazopoza maji ya injini, zimechoka kama sisi wenyewe. Barua nimezifupisha.

Nina Toyota Vitz. Kila asubuhi taa ya bluu yenye kipimajoto huwaka, kisha huzimika baada ya dakika chache. Jirani anasema injini inakufa. (Mwalimu, Kabale)

Mwalimu, mwambie jirani alale salama. Taa ya bluu inasema maji ya injini bado ni baridi, basi. Vitz na ndugu zake kadhaa hawana mshale wa joto kwenye dashibodi, kwa hiyo wamewekewa taa mbili: bluu ya baridi, nyekundu ya moto. Bluu ikiwa imewaka, endesha taratibu bila kukanyaga mafuta kwa nguvu. Kwa baridi ya Kabale itachukua muda zaidi kuliko Kampala. Ukifika Ntungamo nayo bado imewaka, hapo kuna jambo, na jambo hilo utalikuta kwenye jibu la Afande hapa chini.

Nikitoka Jinja na abiria, taa nyekundu iliwaka ndani ya msitu wa Mabira. Kondakta alitaka tusimame tuongeze maji, mimi nikataka tufike Lugazi kwanza. Nani alikuwa sahihi? (Dereva wa taksi, Kampala)

Kila mmoja nusu. Kondakta alikuwa sahihi kutaka msimame, ila maji yangesubiri.

Taa nyekundu ikiwaka, zima AC, kisha fungua hita mpaka mwisho na feni yake kwa nguvu zote. Abiria watapiga kelele, waache wapige. Hita ni rejeta ndogo ndani ya gari, na inapunguza joto la injini kwa kiasi unachokihitaji ili ufike mahali salama pembeni mwa barabara. Mahali salama maana yake mita mia mbili tatu, si Lugazi. Ukisimama, zima injini, fungua boneti, ukae mbali nayo.

Sasa habari ya kifuniko. Kampala tuko kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na maji ya sufuriani huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, hayafiki 100. Ndani ya rejeta hayachemki kwa joto hilo kwa sababu kifuniko kinayabana, ile 0.9 au 1.1 iliyochapwa juu yake ndiyo nguvu ya kubana. Maji yaliyobanwa yanaweza kupita nyuzi 110 na bado yakawa maji. Ukifungua, kinachoyabana kimeondoka, na sehemu yake inageuka mvuke palepale mbele ya uso wako.

Nina kovu kwenye kifundo cha mkono wa kulia, rangi ya chai ya maziwa. Nililipata Namawojjolo. Nilisimama pale gari likitoa moshi mweupe, nikavua shati nikalizungushia mkononi, nikashika kifuniko. Kijana mmoja muuza gonja, ndizi za kuchoma, alikimbia akipiga kelele: "Ssebo, linda! Linda!" Mimi Kiganda changu kilikuwa cha kuombea maji, nikadhani ananiambia nilinde gari lisiibwe. Kumbe kwao *linda* ni subiri. Nilijifunza neno hilo vizuri sana.

Kwa hiyo linda, nusu saa kwa uchache. Kisha bonyeza mpira wa juu wa rejeta. Ukiwa bado mgumu na huwezi kuushika bila kuruka, endelea kungoja. Ukilegea, funika kifuniko kwa kitambaa kizito, kizungushe robo mpaka kikwame, sikiliza pumzi itoke yote, ndipo ukibonyeze na kukitoa. Maji mimina kidogo kidogo. Maji ya baridi yakiingia kwa wingi kwenye injini ya moto, silinda hedi, yaani kichwa cha injini, hupinda au kupasuka, na hapo hesabu si ya jerikani tena.

Jambo moja ambalo madereva wengi hawalijui: kifaa kinachopima joto kimezamishwa kwenye maji. Maji yakiisha kabisa, kinabaki hewani na kinaweza kusoma uongo. Ukiona taa imezimika yenyewe huku gari linakosa nguvu na kunuka mpira uliochomeka, usishangilie.

Premio yangu haina tatizo barabara kuu, ila kwenye foleni ya Kibuye mshale unapanda mpaka karibu na nyekundu. Nikianza kutembea unashuka. (Mama wa biashara, Najjanankumbi)

Mama, hiyo ni feni mpaka ithibitike vinginevyo. Barabara kuu upepo unapoza rejeta wenyewe, kwenye foleni kazi yote ni ya feni. Washa AC gari likiwa limesimama, fungua boneti, tazama: feni inapaswa kuzunguka. Isipozunguka, fundi wa umeme aanze na fyuzi na rilei kabla ya kukuuzia mota nzima.

Ikizunguka vizuri, chungulia kati ya rejeta na ile ya AC iliyo mbele yake. Nimewahi kutoa hapo nsenene, wale panzi wa kuliwa, wa msimu mzima, wamekauka wamebanana kama kwenye kikaango, pamoja na vumbi lililogeuka udongo wa kukandikia. Osha kwa maji ya nguvu ndogo, kutoka upande wa injini kwenda nje. Mashine ya kuoshea magari ikikaribia sana inalaza yale mapezi membamba, na mapezi yaliyolala hayapitishi hewa.

Subaru Forester yangu inakunywa maji karibu lita moja kwa wiki. Chini hakuna tone. Fundi wa kwanza anasema ni kawaida ya gari la zamani, wa pili anataka kushusha injini. (Mfugaji, Mbarara)

Mzee wangu, wa kwanza usirudi kwake. Mfumo wa maji umefungwa; gari lenye miaka 20 na gari jipya yote hayapaswi kunywa. Wa pili huenda ana haki, lakini anakimbia.

Anza na vitu vya bei ndogo. Kifuniko cha rejeta kina mpira mwembamba chini yake. Ukiwa umekauka na kupasuka, maji hutoka kama mvuke ukiwa safarini na hutaona tone nyumbani. Badilisha, na kipya kiwe na namba ileile ya cha kwanza. Halafu pitisha tochi kwenye maungio ya mipira na chini ya pampu ya maji. Kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, ikivuja kwenye injini ya moto hukauka kabla haijafika ardhini, lakini huacha alama: ukoko mweupe, wa kijani au wa waridi. Pampu ina tundu dogo kwa chini. Ukoko ukitokea hapo, pampu inaaga. Mwisho ingiza mkono chini ya zulia upande wa abiria. Likiwa na unyevu wenye harufu tamu, na vioo vinaota ukungu bila sababu, hita ndiyo inayovuja.

Kote huko kukiwa kukavu, tunakuja kwenye gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, na hapa Forester za zamani za injini ya lita 2.5 zina jina baya duniani kote. Fanya hivi alfajiri kabla hujawasha. Fungua kifuniko, jaza maji mpaka shingoni, mwambie mtoto awashe, nawe utazame. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa tu. Lakini yakiendelea kupanda moja baada ya jingine, madogo, bila kukatika, kama soda iliyofunguliwa, huo ni moshi wa mitungi unaopenya kwenye maji. Fundi mwenye kile kichupa cha dawa ya bluu anaweza kulithibitisha hilo: moshi wa injini ya petroli ukipita ndani, bluu hugeuka njano. Kipimo hiki akifanye kabla hujakubali injini ishuke. Akikosa kichupa, si dhambi kutafuta fundi mwingine.

Oili iliyogeuka kama chai ya maziwa na moshi mweupe usioisha ni dalili pia, lakini usizisubiri. Gasketi za Subaru mara nyingi huvujia nje au kupitisha moshi kwenye maji muda mrefu bila kuchafua oili hata kidogo.

Umeuliza pia kuhusu kuvunja yai kwenye rejeta ili lizibe tobo linalovuja. Litaziba, ndiyo. Litaziba vijitundu vya rejeta na vya hita pamoja na hilo tobo. Yai kula kwenye rolex, ile chapati ya kuviringisha na mayai.

Fundi alitoa thamostati akasema ni ya nchi za baridi. Sasa gari linakula mafuta, na juzi kwa mara ya kwanza likachemsha. (Afande, Gulu)

Afande, kauli hiyo nimeisikia gereji zote kuanzia Katwe mpaka Arua, na inaniudhi. Thamostati ni mlango. Umefungwa injini ikiwa baridi ili ipate joto upesi, unafunguka maji yakifika nyuzi 82 hivi kwenye Toyota nyingi. Kwa jua la Gulu la nyuzi 33 bado kuna safari ya karibu nyuzi 50 mpaka hapo. Bila mlango, injini hukaa baridi muda mrefu, kompyuta inaendelea kuimiminia petroli ya asubuhi, na oili inachakaa mapema. Mafuta yako yameendea huko.

Kuhusu kuchemsha: thamostati nyingi zina kisahani cha pili kwa nyuma. Mlango wa rejeta ukifunguka, hicho huziba njia ya mkato inayorudisha maji kwenye injini bila kupita kwenye rejeta. Ukiitoa yote, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji moto haipozwi. Rudisha thamostati. Kabla ya kuifunga, itumbukize kwenye sufuria ya maji ya moto jikoni uione ikifunguka kwa macho yako. Kisha mwulize fundi ni tatizo gani alikuwa analificha alipoitoa.

Volkswagen Golf ya zamani. Taa inapiga kelele kwamba maji yamepungua, tangi limejaa. (Mwanafunzi, Makerere)

Kwenu taa inapima kiasi cha maji pia, Toyota nyingi za zamani hazina hicho. Ndani ya tangi kuna pini mbili zinazopitisha umeme kupitia maji. Pini zikishika uchafu, au plagi ya chini ikishika kutu, gari linadhani tangi ni tupu. Ukijaza maji yaliyokenekwa (distilled) matupu yasiyo na kulanti inaweza kutokea vilevile, kwa kuwa hayapitishi umeme vizuri. Safisha, weka mchanganyiko sahihi. Usikate waya.

Maji ya kisima yanafaa? Na rangi za kulanti zina maana gani? (Wengi)

Ya dharura, hata ya bwawa. Ya kukaa humo, hapana: chumvi zake hujenga gamba kama la ndani ya birika. Ya mvua ni afadhali, yaliyokenekwa ni bora, nusu kwa nusu na kulanti. Mkiyaulizia dukani kwa jina la "maji ya betri", someni chupa, kwani wengine kwa jina hilohilo huuza asidi. Rangi ni ya kiwanda, haina sheria. Msichanganye aina mbili, zinaweza kuganda. Ile ya waridi ya Toyota mara nyingi huja imeshachanganywa, isiongezewe maji.

Nataka kununua gari bondi ya Nakawa, yadi ya magari yaliyoagizwa. Nitajuaje kama linachemsha? (Dada, Bweyogerere)

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa za onyo za dashibodi zinapaswa kuwaka, nyekundu ya joto ikiwemo kama gari hilo linayo, halafu zizimike, nyingine baada tu ya injini kuwaka. Isiyowaka kabisa huenda imeng'olewa balbu au imefunikwa. Kisha fungua kifuniko: maji ya rangi ya kutu ni hadithi ndefu, mafuta yanayoelea juu ni hadithi fupi. Yote haya yanataka injini baridi. Kwa hiyo ukifika kwanza weka kiganja kwenye boneti. Ukikuta ni moto, ina maana wameliwasha kabla hujafika. Mwambie muuzaji utarudi kesho asubuhi, na usimwambie saa ngapi.