Mdogo wangu, dakika 38 si sifa

Jumapili usiku simu ililia. Ujumbe kutoka kwa daktari kijana anayesomea upasuaji, ambaye ameniruhusu niuweke hapa: "Shikamoo Dokta. Jana nimetoa nyongo yangu ya kwanza kwa matundu, bosi kakaa pembeni tu. Dakika 38! Naomba ushauri, nifanyeje niwe na kasi zaidi?" Chini yake video, na vikatuni vya moto vitatu.

Marhaba. Anamaanisha mfuko wa nyongo, kautoa kwa kamera na matundu madogo bila kufungua tumbo. (Ndivyo tunavyosema wote, "nyongo yangu ya kwanza", kana kwamba ilikuwa tumboni mwetu.)

Sitajifanya sikufurahi. Nawajua ninyi mnaosoma ukurasa huu. Hamkuingia upasuaji ili mtumbue majipu mpaka mstaafu. Mnataka skrini, mnataka kamera ipite kitovuni, mgonjwa aende kwao kesho yake na plasta nne ndogo, na ndugu zake waulize, "Kweli mmemfanyia oparesheni huyu?" Mimi pia nilitaka hivyo, na nilitaka kuliko wenzangu wote.

Nilianzia kwenye boksi la viatu. Nilitoboa matundu mawili juu, nikabandika simu ya zamani ndani iwe kamera, nikaomba koleo mbili mbovu za upasuaji kutoka stoo ya thieta, na kila usiku nikawa nahamisha maharage kutoka kifuniko kimoja cha chupa kwenda kingine nikitazama kioo cha simu tu. Mke wangu alikuwa akiokota maharage chini ya kochi hadi alipochoka kuuliza. Baada ya miezi sita mikono yangu ilijua jambo ambalo kitabu hakikufundishi: kwamba ukisukuma mpini kwenda kulia, ncha iliyo tumboni inakwenda kushoto. Hadi leo nasema bila aibu, hakuna aliyenizidi mkono katika kundi letu. Ushauri wa kwanza ni huo basi, boksi. Miaka ya mafunzo iliyofuata nairuka, haina utamu.

Tatizo la mtu mwenye mkono mzuri ni kwamba anatafuta mashujaa wa kufanana naye. Wangu walikuwa Wajerumani wawili. Kurt Semm wa Kiel, daktari wa wanawake, mwaka 1980 alitoa kidole tumbo kwa laparoskopi, yaani kwa kamera na matundu, na wapasuaji wakubwa wa kwao wakamjia juu kama aliyetukana dini. Erich Mühe wa Böblingen alitoa mfuko wa nyongo kwa njia hiyo tarehe 12 Septemba 1985, akaupeleka ushahidi wake kwenye mkutano wa chama cha wapasuaji wa Ujerumani mwaka uliofuata, wakamkataa. Mwaka 1992 chama hicho hicho kikampa tuzo. Niliipenda hadithi hii mno. Kila aliyenipinga nilimwona ni mmoja wa wale wazee wa 1986.

Sehemu ya pili ya hadithi nilikuwa naisoma haraka haraka. Njia hiyo ilipoenea duniani miaka ya 1990, ajali za kukata mrija mkuu wa nyongo, unaotoka kwenye ini kwenda utumbo, badala ya ule mdogo wa mfuko unaotakiwa kukatwa, ziliongezeka. Zamani, tumbo likifunguliwa, ilikuwa mgonjwa mmoja au wawili kati ya 1,000. Ikafika wanne, watano. Maumivu yamepungua, kovu limepungua, kulala wodini kumepungua, ila hilo moja limepanda.

Sasa siku yenyewe.

Mama wa miaka arobaini na kitu, muuza vitumbua. Alikuwa ameumwa wiki kadhaa akinywa dawa za vidonda vya tumbo kabla ya mtu kumpiga ultrasaundi na kuona mawe. Hospitali siitaji. Tulikuwa tumepata mashine mpya, na siku hiyo wageni walikuja kuiona ikifanya kazi. Waliketi nyuma yangu na viatu vya plastiki miguuni, wakitazama skrini.

Tukajaza gesi, kamera ikaingia, na moyo ukanishuka. Mfuko ulikuwa mnene, mwekundu, umegandamana na mafuta na utumbo kama mkate ulioloa chai. Saa nzima nilikuwa nabandua tu. Saa ya pili nesi wangu, mama mtu mzima aliyeanza kazi thieta mimi nikiwa sekondari, akasema kwa sauti ya chini, "Dokta, seti ya kufungua tumbo ipo tayari."

Nilisikia tusi. Nikamjibu, "Sijaiomba."

Muda mfupi baadaye mrija ukajileta wenyewe. Umenyooka, umetoka moja kwa moja kwenye mfuko, upana wake kama mrija wa soda. Nikaweka klipu, vibanio vya kuuziba, mbili chini, moja juu, nikakata. Tone la nyongo likatoka, rangi ya asali mbichi. Nikajiambia limetoka mfukoni. Nilipozidi kupanda nikakutana na mrija mwingine ambao haukutakiwa kuwepo, na wadogo zangu, hapa nasitisha hadithi niwaambie: nilisema kwa sauti, mbele ya wageni, "Huu ni mrija wa ziada." Nikauwekea klipu, nikakata na huo.

Mrija wa ziada ni nadra kuliko mnavyodhani. Ukiuona, simama. Kilichotokea ni kwamba nilikuwa nauvuta mfuko kwa nguvu kuelekea bega la mgonjwa, mrija mkuu ukavutika nao, ukakaa mstari mmoja na mfuko, ukafanana kabisa na ule mdogo niliokuwa nautafuta. Mwaka 2003 wapasuaji wa San Francisco walichapisha uchambuzi wa ajali 252 za aina hii. Katika 97 kwa kila 100, chanzo hakikuwa mkono mbovu. Jicho ndilo lililodanganywa. Mkono wangu mzuri ulifanya kazi safi kabisa mahali pasipotakiwa.

Wageni walipiga makofi. Ndiyo, makofi.

Kesho yake mama alitembea. Siku ya pili akalalamika tumbo na bega, nikamwambia intani wangu ni gesi. Kweli, gesi tunayotumia, kabonidayoksaidi, tunaichagua kwa sababu haishiki moto na huyeyuka kwenye damu ikatoka kwa pumzi, na huwasha kiwambo kinachotenga kifua na tumbo hadi maumivu yakasikika begani. Lakini maumivu hayo hupungua siku hadi siku. Ya kwake yalikuwa yanaongezeka, mapigo ya moyo yako juu, na mimi nasema gesi. Aliyepasuliwa kwa matundu anatakiwa kila siku awe nafuu kuliko jana. Asipokuwa, kuna jambo ndani.

Siku ya tatu binti yake, mwanafunzi wa sekondari aliyekuwa anamletea uji, alinisubiri mlangoni mwa wodi. "Samahani Daktari, mbona macho ya mama yamekuwa ya njano?" Nyongo ilikuwa imekosa njia, imerudi kwenye damu. Mimi bingwa nilikuwa nimepita raundi asubuhi hiyo. Nilisoma faili, nikaangalia plasta nne zilivyokaa vizuri, nikaondoka.

Mwenzangu wa hospitali nyingine alimfungua, akatengeneza njia mpya kwa kuunganisha utumbo mdogo na mirija inayotoka kwenye ini. Kazi ya saa nyingi, naishukuru mpaka leo. Mama alilala hospitali karibu miezi miwili. Biashara ilikufa.

Kwenye kikao chetu cha vifo na madhara, tunapojadili ajali kama hii, mkubwa mmoja aliniita "Bwana Televisheni", watu wakacheka. Miaka imepita na bado wapo wanaoniita hivyo. Siku yake ilipofika na yeye, sikucheka. Nalisema hilo kwa sababu najua anasoma hapa.

Kilichoniuma zaidi ya kikao ni mama alipokuja kliniki. Akapandisha blauzi, kovu limepita chini ya mbavu upande huu hadi upande ule. Akaniuliza kwa upole, "Siku ile ungenikata tu kama zamani, ningekuwa na kovu kama hili?"

Nikasema ndiyo, au dogo kuliko hilo.

"Sasa si ungenikata."

Basi sikilizeni. Kabla ya klipu yoyote, timizeni mambo matatu aliyoyaeleza mpasuaji Strasberg mwaka 1995. Pembetatu iliyo kati ya mrija wa mfuko, mrija mkuu na ini isafishwe mafuta na nyuzi zote. Sehemu ya chini ya mfuko, theluthi hivi, ibanduliwe kwenye ini muone ini nyuma yake. Na vitu viwili tu, viwili, mrija mdogo na mshipa wa damu, vionekane vikiingia kwenye mfuko. Mimi siku hizi nayasema kwa sauti na nesi ananiitikia. Asipoitikia sikati. Ikishindikana, yapo ya kufanya bila aibu: kata sehemu ya mfuko uiache iliyogandamana, weka mpira wa kutolea maji, toka. Au fungua. Fungueni mapema, wadogo zangu. Kufungua si kushindwa. Nasema tena, fungueni.

Na mkipata nafasi ya mafunzo nendeni. IRCAD, taasisi ya Ufaransa inayofundisha upasuaji wa kamera, wamefungua kituo Kigali tangu 2023, safari si ya kwao Strasbourg tena. Ila Kigali hawatawafundisha kumheshimu nesi aliyeshika seti. Hilo mtajifundisha, na wengi wenu, mimi nikiwemo, mmelelewa kudhani bingwa haambiwi. Anaambiwa. Mtu mwenye kiburi thieta ni hatari kuliko mashine mbovu, maana mashine mbovu angalau hulia.

Nirudi kwako, kijana wangu wa dakika 38. Video nimeitazama mara tatu. Mkono wako ni mzuri, pengine mzuri kuliko wangu wa umri ule. Lakini simamisha dakika ya 21. Umeona ini nyuma ya huo mrija? Mimi naona mafuta. Umevuta mfuko juu sana, na klipu imeingia sekunde chache baadaye. Inawezekana kamera haikukaa vizuri na wewe ulikiona nisichokiona mimi. Naomba Mungu iwe hivyo.

Kwenye ujumbe wako umeniandikia muda, bosi, na kasi. Mgonjwa hayumo. Ndiyo maana nilikujibu kwa swali moja tu: leo amekula nini, na ukimpeleka dirishani ukamvuta kope chini, macho yana rangi gani?

Alama mbili za buluu nimeziona tangu saa tatu usiku. Sasa ni saa sita na nusu.