Seva imefungwa, tuhamie wapi?

Swali: Shikamoo Bibi Fundi. Mimi ni katibu wa kikundi cha wakutubi, tuko kama 400, wengi Tanzania na Kenya, wachache Uganda. Tangu 2012 tunajadiliana kwa barua pepe: ukituma kwenye anwani moja, wote wanapata. Sasa chuo kilichotupa nafasi kwenye seva yake kinataka tuondoke kabla ya Juni kwisha. Vijana wanasema twende WhatsApp, wazee hawataki kusikia, mweka hazina anataka cha bure. Tuchague nini?
*Katibu, Morogoro*

Jibu: Marahaba mwanangu. Hapo kwenye kuchagua tutafika. Kwanza niambie, barua za miaka yote hiyo ziko wapi, na ufunguo anao nani?

Mwombe msimamizi wa seva vitu viwili wiki hii hii, usingoje Juni: orodha ya wanachama, na faili la kumbukumbu la aina ya mbox. Asikupe kurasa za wavuti peke yake akakwambia ndiyo hiyo. Mbox ni maandishi matupu, barua zimefuatana moja chini ya nyingine, na kila moja huanza na mstari wenye neno "From". Lifungue, utafute barua ya 2012 unayoikumbuka. Chini yake ukikuta mistari na mistari ya herufi zisizosomeka, usidhani faili limeharibika ukaanza kufuta. Hicho ndicho kiambatisho chenyewe.

Nakukazania kwa sababu yalinikuta. Nilipokuwa kazini Tanga niliangalia kundi la mafundi wa kompyuta wa vyuo, na mtambo wake ulikaa chini ya meza ya mwenzetu mmoja. Umeme ukakatika, ukarudi kwa kishindo, diski ikaungua. Nakala ya akiba tulikuwa nayo, naam, kwenye diski hiyo hiyo. Wanachama tuliwapata tena kwa kupigiana simu. Barua za miaka sita hatujazipata mpaka leo. Wala usiseme kampuni kubwa ni salama. Yahoo Groups ilitangaza Oktoba 2019 kwamba itafuta kumbukumbu za makundi, na tarehe 15 Desemba 2020 huduma yote ikafungwa.

WhatsApp muwe nayo, ya kuambiana kikao kimesogezwa saa nane. Lakini mtu aliyekwama na Koha, ile programu ya maktaba, akiuliza swali asubuhi, mchana jibu lake limeshazama chini ya picha za maua na "amkeni salama". Atakayejiunga mwakani hatalikuta. Tena namba ya kila mtu inaonekana na wote, na siku hizi Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya wana yao ya 2019. Hata kwenye barua pepe, watangazie wanachama mnahamia wapi kabla ya kubeba anwani zao, na asiyetaka aachwe.

Zimebaki njia tatu. Google Groups ni ya bure, na mwenye kundi anaweza kupakua barua zote siku akitaka kuondoka. Ila kwa akaunti ya kawaida hutaweza kuingiza humo zile za zamani, na mambo yakiharibika hakuna mtu wa kumpigia. Groups.io ilianzishwa 2014 na Mark Fletcher, yule yule aliyeanzisha ONElist, huduma ya makundi ya barua pepe ya miaka ya tisini, na wengi waliotoka Yahoo walikimbilia huko. Kundi jipya la bure lina kikomo cha watu 100, kwa hiyo ninyi mtalipa, lakini kumbukumbu zenu zinaingia. Ya tatu ni kukodi seva na kuweka Mailman, programu ya kuendesha makundi ya barua pepe. Programu hiyo ni ya bure. Fundi wake si wa bure. Akija kijana anayetaka kuwawekea Mailman 2, mkatae, inategemea Python 2, toleo la zamani la lugha ya kuandikia programu, na hiyo iliachwa kuhudumiwa tangu Januari 2020.

Yeyote mtakayemfuata, muulizeni swali hili kabla ya bei: barua ya mwenye anwani ya Yahoo mnaifanyaje? Aprili 2014 Yahoo iliagiza, kwa utaratibu uitwao DMARC, kwamba barua yenye jina lake ikija kwa mlango usio wake ikataliwe. Sasa mwenzenu wa Yahoo akiandika, seva ya kundi huipokea barua, pengine huongeza [Wakutubi] mbele ya kichwa chake, kisha huisambaza. Barua ikiguswa hivyo, muhuri wa Yahoo unaothibitisha kwamba haikubadilishwa njiani unavunjika. Gmail inaikataa, seva inaona barua zinarudi, inawahesabia kosa wapokeaji ambao hawajafanya lolote, na zikirudi mara kadhaa inawaondoa kundini. Mtu anakaa miezi akidhani wenzake wamenyamaza. Anayeijua kazi yake atakujibu papo hapo kwamba mtumaji ataonekana "Fulani kupitia Wakutubi". Akianza kukueleza uzuri wa rangi za tovuti yake, aga uondoke.

Mimi ningelipa Groups.io. Mweka hazina aigawe bei kwa watu 400 aone inabaki shilingi ngapi kila mmoja. Kabla ya kuwahamisha wote, jaribuni wiki moja na watu ishirini wenye anwani za Yahoo, Gmail na za vyuo, na kila mmoja aseme barua imemfikia au imetupwa kwenye spamu. Wenye kundi wawe watatu, msimwachie mmoja na nywila yake kichwani. Chuo nacho kiombeni anwani ya zamani iendelee kwa miezi mitatu kujibu yenyewe: "Tumehama, andika huku."

Lile faili la mbox weka nakala moja kwako, nyingine mpe mweka hazina. Watu wa aina yake hawapotezi kitu.